Koti la Mtumba na Siri ya Mwenyewe

Je, anunuaye koti hununua pia siri iliyomo mfukoni? Katika hadithi za upelelezi, mwenye duka la nguo za zamani hukuta barua ndani ya bitana, huisoma, na mwishowe muuaji hukamatwa. Wasomaji tunamsifu. Mimi nasita, kwani alipoifungua hakujua kwamba kuna uhalifu. Wema uliofuata haukuwa sababu yake.

Hapa Kampala, katika soko la Owino, marobota ya mitumba hufika kutoka ng'ambo, na mwenye koti hawezi kuja kudai. Noti ikikutwa mfukoni, muuzaji huiita bahati. Barua si noti: ina mtu ndani yake. Nasema aisome kwa kiasi cha kumtafuta mwenyewe tu. Asiyeweza kudai ndiye anayestahili zaidi kulindwa.