Je, Mvulana wa Turkana Alikuwa na Roho?

Likizo iliyopita tulipeleka vijana wetu Makumbusho ya Taifa pale Nairobi. Binti mmoja wa kidato cha pili akasimama mbele ya mifupa ya Mvulana wa Turkana, akaniuliza, "Pasta, huyu alikuwa na roho?" Nikamjibu haraka, "Hizo ni nadharia tu za watu, twende." Akanyamaza. Kunyamaza kwake kumenisumbua mpaka leo.

Mifupa ile si nadharia. Marehemu Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, aliona kipande kidogo tu cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984. Walipochimba, wakapata sehemu kubwa ya mifupa yake. Wanasayansi wanamweka katika spishi ya Homo erectus, na wanakadiria aliishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Alikufa akiwa bado mtoto, lakini alitembea wima kama sisi, na ubongo wake ulikuwa kama theluthi mbili ya wetu. Taya lake lina alama za ugonjwa wa ufizi pale jino la utotoni lilipong'oka. Hebu fikiria, mtoto anaumwa jino! Mzazi yeyote anajua usiku wa namna hiyo.

Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa hapa Kenya walipinga namna makumbusho yalivyotaka kuionyesha mifupa hii. Nawaelewa, walihofia imani ya watoto. Lakini mimi nilisomea biashara, na risiti isiyolingana na hesabu zako huichani. Unaketi nayo. Ukiificha, umeiba hata kama hukugusa senti.

Sasa, Kitabu cha Mwanzo chatuambia mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Hakituambii ubongo uwe na ukubwa gani. Tukisema mfano huo ni akili, yule ndugu yetu mwenye ulemavu wa akili, anayekaa kiti cha mbele kila Jumapili, tutamweka wapi? Mimi siwezi kumtoa. Na kama siwezi kumtoa yeye kwa kipimo hicho, nitamtoaje mvulana yule kwa kipimo kile kile?

Jumapili nilimtafuta yule binti baada ya ibada. Nikamwambia nilimjibu vibaya, na kwamba swali lake silijui jibu. Akaniangalia, kisha akasema, "Basi turudi, Pasta. Kuna vitu hatukumaliza kuona."

Tunarudi likizo ya Agosti. Wazazi mnaotaka kuja, nafasi ziko kwenye basi.