Uwezo na Haraka

Kazi yangu hapa Kibomet ni sola na betri, na wengi wanaoniletea betri huja na hukumu tayari: "Fundi, hii imekufa." Naiacha itulie usiku kucha, asubuhi naipima, na mara nyingi naikuta ingali na nguvu. Ndipo nauliza ilibebeshwa nini. Naambiwa ni kesha la kanisa: spika kubwa, amplifaya, kinanda na taa, vyote kwa inveta moja.

Betri ya kawaida ya risasi na asidi iliyoandikwa ampea-saa 100 hupewa namba hiyo kwa sharti, na mara nyingi sharti lenyewe ni saa 20. Ukiiomba ampea 5, itakuhudumia saa hizo zote. Ukiiomba ampea 50, hesabu ya darasani inakuahidi saa 2, lakini itakupa kama saa moja na robo, kisha inveta ijizime. Mjerumani Wilhelm Peukert alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1897. Asidi iliyo ndani ya vitundu vya plati hutumika upesi kuliko asidi nyingine inavyoweza kupenya kuchukua nafasi yake. Nguvu iliyobaki haijapotea. Imeshindwa tu kufika kwa wakati ulioitaka wewe.

Hapo ndipo swali la imani linaponishika. Mungu akimpa mtu uwezo, je, uwezo huo ni deni la kulipwa saa yoyote atakayodaiwa? Namfahamu mwalimu, kifungua mimba kwao. Januari ilipofika aliombwa karo za wadogo zake, mchango wa matanga na pesa za hospitali, yote ndani ya juma moja. Alipozima simu, ukoo ulisema amekuwa mchoyo. Mimi nasema alihukumiwa kwa dhuluma. Mtu huyo angewasomesha wote kwa miaka.

Katika Mathayo 25, bwana aliwapa watumwa talanta, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Wahubiri wetu hupenda sana kumkemea yule aliyefukia yake. Ni nadra kuwasikia wakitaja kwamba bwana yule alirudi kudai hesabu baada ya muda mrefu. Kwangu mimi, muda ule ni sehemu ya haki yake: aliyepima uwezo alitoa na nafasi ya kuutumia. Sisi tunadai kama yeye, ila muda hatutoi.

Wapo watakaoona natetea uvivu. Hapana. Betri iliyoisha ikiachwa pembeni majuma mengi bila chaji, salfeti hugandamana kwenye plati, na hapo ndipo hufa kweli. Kwa hiyo kumwambia aliyechoka "pumzika" kisha tumsahau ni kumwua kwa njia nyingine. Apumzike, na ajazwe: atembelewe, alishwe, alipwe anachodai.

Ndugu msomaji, kabla shule hazijafunguliwa Januari ijayo, kaeni kikao cha nyumbani mgawane karo kwa miezi, kila mtu na sehemu yake. Na yule mwenye mshahara mpigieni simu mapema, kwanza mumjulie hali.