Nguruwe Aliye Njiani Ni wa Nani?

Tumeona vema mwezi huu tulifikiri pamoja jambo moja ambalo wengi watalidhani kuwa dogo. Nalo ni hili: nguruwe mkubwa anapotolewa katika banda la mtu mmoja na kupelekwa kwa mwingine, je, muda ule awapo njiani ni wa nani?

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, yaani pande za Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, jamaa nyingi hufuga nguruwe, na wengi wao wanao mmoja au wawili au watatu tu. Si kila mfugaji awezaye kulisha dume wake mwenyewe. Basi dume huazimwa, au jike hupelekwa kwake, na zikiisha siku 114 hivi, ambazo wafugaji huzihesabu kuwa miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu, jike huzaa. Wengine huuza mnyama aliyekwisha kukua, ili wapate karo ya mtoto au bati za nyumba. Kwa hiyo safari hizi fupi ni nyingi.

Sasa sikilizeni maneno yasemwayo. Mwenye kuuza husema, "Fedha yangu nimekwisha kuipokea, mnyama si wangu tena." Mwenye kununua husema, "Hajaingia bandani mwangu, nitamtunza akifika." Naye mchukuzi husema, "Mimi nimelipwa nifikishe mzigo, wala sikuulizwa habari nyingine." Kila mmoja wao asema kweli kwa upande wake. Walakini maneno yote matatu yakiwekwa pamoja, mnyama amebaki hana mwenyewe, na hapo ndipo ubaya unapopata nafasi, bila mtu hata mmoja kuukusudia.

Tumtazame kwanza mnyama. Nguruwe mzima wa mbegu ya kigeni aweza kupita kilo 200. Mwili wake hautoi jasho la kumpoza kama wetu, kwa hiyo jua la saa sita humdhuru upesi, na hofu humzidishia joto. Wale wa kienyeji ni wadogo kuliko hao, nao ndio tuwaonao mara nyingi wamefungwa miguu yote minne na kulazwa nyuma ya baiskeli au pikipiki, kichwa kikining'inia na kamba ikiwakata ngozi, kwa mwendo wa saa nzima au zaidi. Wengine hufika wamekwisha kufa. Wengine hufika wazima, lakini hawawezi kusimama.

Mtu atasema, "Nguruwe huyu ataliwa tu. Ya nini kuuliza amesafirije?" Neno hili husemwa sana, wala tusilipite bila kulijibu. Kwamba kiumbe atakufa kesho hakuondoi maumivu yake ya leo. Sisi sote tu watu wa kufa, wala hakuna asemaye kwamba kwa sababu hiyo yafaa tupigwe leo. Aliyejipa ruhusa ya kuchinja amejipa ruhusa ya kuchinja tu, kutesa hakumo. Tena nchi yetu imekwisha kulinena jambo hili katika Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini sheria haisimami katika kila njia ya shamba, na kwa hiyo twamwuliza kila mtu moyo wake, si askari.

Mwingine atasema, "Mimi ni maskini, sina gari." Nasi twajibu kwamba mambo mengi yatakiwayo hapa hayanunuliwi kwa fedha, ila kwa subira. Nguruwe havutwi kwa kamba ya shingoni. Ukimvuta mbele, yeye hurudi nyuma. Wazee wengi hufunga kamba katika mguu wa nyuma, kisha huenda nyuma yake taratibu. Ubao mpana ushikwao kando ya macho yake humwongoza kuliko fimbo, maana yeye huenda palipo wazi. Aondoke alfajiri, kabla ya jua kupata nguvu. Asishibishwe kabla ya safari, ila apewe maji. Asichanganywe na nguruwe wageni, maana watapigana. Ikiwa njia ni ndefu, jirani wawili watatu washirikiane kukodi gari moja, na chini watandike majani. Na afadhali zaidi ni kununua mtoto wa nguruwe aliyekwisha kuachishwa, achukulikaye kwa wepesi, kuliko kumhamisha mkubwa pasipo haja. Pole pole ndio mwendo: hapo mithali hii si pambo la maneno, bali ni kazi yenyewe.

Lakini nguruwe haendi peke yake. Liko jambo jingine ambalo huenda pamoja naye bila kuonekana. Kuna ugonjwa uitwao homa ya nguruwe ya Afrika. Habari zake ziliandikwa kwanza na daktari wa mifugo Montgomery, mwaka 1921, kwa yale aliyoyaona nchini Kenya. Ngiri na papasi hukaa nao porini, na ngiri haonekani kuugua. Lakini ukimpata nguruwe wa kufugwa, mara nyingi humwua katika siku chache. Hauna dawa ya kuuponya. Mwaka 1957 ulifika Ureno, mwaka 2007 uliingia Georgia, na mwaka 2018 ulifika China. Haumwambukizi mtu, lakini mtu ndiye auchukuaye: kwa nyama, kwa kamba yenye damu, kwa viatu vyenye mavi, kwa gari lisilosafishwa. Na mnyama aliyekwisha kuambukizwa aweza kukaa siku kadhaa akionekana mzima. Ndiyo maana hutakiwa kibali cha bwana mifugo kabla ya kuhamisha mnyama, na ndiyo maana aliyefika mahali papya apaswa kutengwa muda wa mwezi mmoja hivi kabla ya kukaa na wengine. Hata dume wa kuazima, atembezwaye banda kwa banda, aweza kupeleka mauti pale alipoitwa kuleta uzazi.

Basi tufikilie swali lililo gumu. Tuseme yuko mama mjane mwenye nguruwe mmoja mkubwa, na karo ya mwanawe imo ndani ya nguruwe yule. Asikia ya kuwa mtaa wa pili nguruwe wameanza kufa. Mnyama wake bado ala vizuri. Mnunuzi kutoka kijiji cha mbali amekuja na fedha mkononi. Akiuza leo, mtoto atasoma. Akingoja juma mbili, labda hatakuwa na kitu. Afanyeje?

Hatutaki kumjibu mama huyu kwa wepesi, kama watu wasiojua uhitaji. Hata hivyo twasema: asiuze, wala asinyamaze. Maana anachokiuza si nguruwe tu. Ni hatari ambayo mnunuzi haijui, na huko aendako wako wajane wengine wenye nguruwe mmoja mmoja. Fedha yake itatoka katika karo za watoto wao. Na yule asemaye, "Nisipouza mimi, jirani yangu atauza," hajajitetea. Amesema tu kwamba wabaya watakuwa wawili.

Lakini neno letu halijaisha, nasi tungekuwa wanafiki kama tungeliishia hapo. Mama yule akikaa kimya na mnyama wake, anawalinda watu wa vijiji vingi. Wao wapata salama, yeye apata hasara. Je, hiyo ni haki? Kumsifu kwa uaminifu wake kisha kumwachia deni lake ni kula jasho la mwenzetu. Kama twamtaka asiuze, yatupasa sisi tuliookolewa na uaminifu wake tumchangie karo, kila mtu kwa kadiri yake. Usharika au kijiji kisichokuwa tayari kufanya hivyo kisishangae watu wakiwaondoa wanyama wao usiku.

Tena wako watu wengine wa njiani. Jirani zetu wengi ni Waislamu, nao nguruwe kwao ni najisi. Mwenye busara huchagua njia isiyopita penye kisima chao wala mlangoni pao, na hatapakia mnyama wake katika gari lichukualo vyakula vya watu. Hakuna sheria imlazimishayo kuchagua njia. Ni heshima tu, na heshima ndiyo iwezeshayo watu wa namna mbili kukaa pamoja.

Basi twarudi kwa swali letu. Nguruwe aliye njiani ni wa nani? Twajibu: ni wa mwuzaji, na wa mnunuzi, na wa mchukuzi, na kwa sehemu ni wetu sote ambao njia ile yapita kwetu. Wala asidhani mtu kwamba kila mmoja ana fungu la tatu. Nyama hugawanywa mafungu, wajibu haugawanyiki. Mwuzaji na aseme kweli kana kwamba hakuna mwingine atakayesema. Mchukuzi na amhurumie mnyama kana kwamba ni wake. Mnunuzi na aulize na kumtenga kana kwamba hakuna aliyeuliza kabla yake. Nasi jirani tuwe tayari kuichukua hasara pamoja na yule aliyekataa kuipeleka kwa wengine.