Tui la Nazi Kagarama

Mwacha mila ni mtumwa, walinena wazee, nasi methali hiyo tumeifundisha darasani miaka mingi bila kuitilia shaka. Ilitubidi kuja kuishi Kagarama, wilayani Kicukiro, jijini Kigali, ndipo tuanze kuidadisi, tena kwa sababu ya chungu cha kisamvu.

Mji huu umekaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wala si nchi ya minazi. Nazi ukiipata imesafiri siku nyingi, na bei yake yaeleza safari hiyo. Sisi tuliokulia pwani tuliilipa bila kunung'unika. Jioni moja jirani yetu, mama wa makamo, alituletea bakuli la isombe. Majani ni yale yale ya muhogo, yametwangwa vile vile. Ila yeye aliyaunga kwa karanga na mawese. Tulimshukuru, tukaonja, tukaliweka kando, tukangoja kisamvu chetu cha nazi. Kesho yake tulimrudishia bakuli limeoshwa vizuri, pamoja na uongo: kwamba tulikula tukashiba.

Je, tulikosa? Wako watakaotutetea kwamba chakula cha utotoni humwingia mtu kabla ya akili. Wakorea waweza kuwa mashahidi wao. Mwaka 2008 Yi So-yeon, Mkorea wa kwanza kwenda anga za juu, alisafiri na kimchi, kabichi yao iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili. Ikiwa kabichi yapelekwa hata nje ya dunia, nani atamlaumu mwalimu kwa nazi mbili?

Lakini wako Wakorea wengine. Mwaka 1937 serikali ya Stalin iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya 170,000 kutoka mashariki ya mbali ya Usovieti hadi Kazakhstan na Uzbekistan. Kabichi yao huko ilikuwa adimu. Wakatwaa karoti, wakazikata nyembamba, wakazitia viungo walivyovijua, na kachumbari hiyo leo huliwa hata na majirani zao. Hatuthubutu kuwaita watumwa.

Kuitamani nazi, basi, si kosa. (Mwenzetu mmoja hujigamba kwamba amekwisha usahau wali wa nazi, hatumwamini.) Kosa letu lilianza pale tulipolipima bakuli la jirani kwa nazi, tukaliona limepungukiwa. Nasi ni walimu wa lugha! Darasani twakataza kukidharau Kiswahili cha Kongo eti kwa kuwa hakisemwi kama cha Unguja. Jioni tukaitolea isombe hukumu ile ile. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Wenyeji wamekubali kuyazoesha makinywa yao matamshi yetu, nasi tukawafanyia uchoyo wa kumaliza bakuli moja.

Mtoto wetu wa mwisho, aliyejifunza kutembea hapa hapa Kagarama, hutaka isombe ya karanga. Ile ya nazi huiita ya wageni. Jumamosi iliyopita tulimpelekea jirani bakuli la kisamvu cha nazi, safari hii bila uongo wowote. Alionja mbele yetu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kama tumetia sukari.