Kinyozi Hajinyoi: Je, Ni Vema Kunyoana Nyumbani?



Kila muhula unapoanza, shule hutaka watoto waje na vichwa vilivyonyolewa. Mwenye watoto watano anajua maana yake. Ukilipa shilingi 1,000 kwa kila kichwa, elfu tano zimekwisha, na hizo ndizo zilikuwa za unga. Mwaka 2023 wakimbizi wa Uganda waligawanywa katika makundi matatu ya msaada wa chakula, na kundi la tatu likaambiwa lijitegemee. Tangu hapo nyumba nyingi zinahesabu hata pesa ya sabuni. Ndipo sisi na mama watoto tukaamua kujifunza kunyoa. Tulinunua mkasi, kitana na nyembe sokoni Mbarara, tukaanza.

Kichwa cha kwanza kilitoka na matuta kama shamba la viazi. Mtoto alilia, ndugu zake wakacheka. Polepole tulijifunza. Nywele zioshwe kwanza, zikauke, zichanwe. Mkasi ufuate kitana. Anza nyuma, chini kwenda juu, na sikio likunjwe kabla ya kulipitia. Wembe mmoja ni wa kichwa kimoja, kisha utupwe chooni, kwa sababu damu hubeba magonjwa. Kitana nacho kioshwe, kwa sababu mapunye hupita humo.

Siku moja, tukimnyoa binti yetu wa tatu, tulikuta kovu nyuma ya sikio. Hatukuwa tunalijua. Akasema, "Baba, hapa ndipo nilipoangukia usiku ule tulipokimbia." Miaka yote hiyo tulikuwa tumemlisha na kumwombea, lakini hatukuwa tumemshika kichwa. Tuliweka mkasi chini tukalia pamoja. Tangu siku hiyo tulisema kunyoana nyumbani ni jambo jema, tukalisifu hata kanisani. Familia kadhaa zikatuiga.

Lakini hapo karibu na barabara yuko kijana kinyozi. Alikuja kutoka Kivu bila wazazi, na anawalea wadogo zake wawili. Mashine yake aliinunua kwa deni. Tuliona amekosa kwaya Jumapili tatu, tukaenda kumtembelea. Alitupokea vizuri, akatupa kiti cha wateja, kisha akasema kwa upole, "Mchungaji, mkiondoa vichwa vyenu, sisi tutakula nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani na swali hili: je, kujitegemea kwangu ni kwema kama kunamnyima jirani mkate wake?

Wengine watasema, kila mtu na nyumba yake. Pesa ni yangu na kichwa ni cha mwanangu. Ni kweli, hakuna dhambi katika mkasi. Mama ambaye hana hata shilingi mia asione haya kumnyoa mtoto wake, wala asihukumiwe. Ila mwenye kidogo ajiulize: hii elfu ninayoiweka inatoka wapi? Kama imetoka mfukoni mwa jirani na kuingia kwangu, basi makazi yetu hayakupata kitu. Njaa imehama nyumba tu.

Wazee walisema, kinyozi hajinyoi. Hata aliye fundi huinamisha kichwa mbele ya mwenzake. Tuutazame wembe katika Maandiko. Katika 2 Samweli 10, mfalme Hanuni aliwanyoa watumishi wa Daudi nusu ya ndevu, wakaona aibu hata wakakaa Yeriko mpaka zikaota. Katika Mwanzo 41, Yusufu alitolewa gerezani, akanyolewa, akasimama mbele ya Farao kama mtu. Wembe ulikuwa katika habari zote mbili, lakini mkono mmoja ulimdharau mtu na mwingine ulimwinua. Nasi hapa Nakivale, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, tuliokimbia mapanga, tunapokaa kwenye kiti na kumwachia mtu wa kabila jingine shingo yetu, tunafanya jambo kubwa kuliko kupunguza nywele. Tukijifungia kila mmoja na mkasi wake, hilo nalo tutalipoteza.

Basi tulifanya hivi. Wadogo tunawanyoa nyumbani, kwa sababu ya lile kovu. Wakubwa, na baba mwenyewe, tunakwenda kwa kijana yule. Naye alikubali kuwafundisha akina mama Jumamosi moja, na kila mama akaleta alichoweza: mahindi, maharage, wengine kuni. Tulimwomba radhi mbele ya kanisa, kwa kuwa tulisifu jambo mbele ya kanisa bila kumfikiria. Deni lake bado halijaisha, na hatusemi kwamba tumelimaliza swali. Lakini amerudi kwaya.

Wapendwa, Bwana alisema nywele zetu zote zimehesabiwa. Zimehesabiwa za mtoto anayenyolewa, na za yule anayengoja mteja. Kabla hujashika mkasi, kumbuka vichwa vyote viwili.

Mungu awabariki na kuwalinda.