Anayeitwa Jukwaani

Tumezoea kwamba mtazamaji ni mtu wa kulipa kiingilio, kukaa kimya na kupiga makofi. Lakini ipo michezo ya kuigiza ambayo mtazamaji huitwa jukwaani. Michezo hiyo mimi naipenda. Swali langu ni hili: anayemwita mwenzake apande, anabeba deni gani?

Mbrazili Augusto Boal alilisimulia mwenyewe. Miaka ya 1960 kundi lake liliwachezea wakulima wa kaskazini-mashariki ya Brazili, likiwahimiza wamwage damu kwa ajili ya ardhi. Mkulima mmoja akaguswa kwelikweli. Akawaambia waigizaji, haya, chukueni bunduki zenu tuwaendee makabaila! Jamaa wakababaika. Bunduki zilikuwa za mchezo tu. Mkulima akasema za kweli zipo, zinatutosha wote. Wakakataa. Hapo ikaonekana wazi damu iliyokuwa ikiimbwa ni ya nani. Mkuki kwa nguruwe, bwana.

Mwaka 1973, Boal akiwa Peru katika kampeni ya kufuta ujinga, mwanamke mmoja alichoka kuona mwigizaji hafuati ushauri wake. Akaambiwa apande aonyeshe mwenyewe, akapanda. Kwa njia hiyo ukazaliwa mchezo ambao huonyeshwa mara moja hadi mwisho wake mbaya, kisha hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama!" akachukua nafasi ya anayeonewa.

Wapo watakaosema, kwani kalazimishwa? Ni mtu mzima, kapanda kwa miguu yake. Sawa. Lakini mchezo ukiisha, waigizaji hupanda gari wakaondoka. Yule mama aliyesema mbele ya mtaa mzima jambo asilothubutu kulisema nyumbani, yeye anabaki. Mumewe naye alikuwepo anatazama. Makofi yetu hayatamsindikiza usiku huo.

Je, tuache kuwaita? Hapana. Kimya nacho kina bei yake, na mama yule ameilipa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mwitaji awe tayari kulipa pamoja na aliyeitwa. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji waliusahihisha mchezo, wakauigiza wenyewe. Serikali ikafuta kibali mwezi Novemba. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Wanakijiji walipoteza, na mwandishi naye alipoteza. Hakuwaacha kwenye mataa.

Basi kabla hatujamwita mtu, tujiulize: kesho asubuhi tutakuwepo? Tutabisha hodi kwake? Neno tunalotaka alitamke, sisi tumewahi kulitamka mbele ya anayetutisha? Kama jibu ni hapana, tumwache akae kwenye benchi lake, na sisi tuanze kupanda.

Mwenzangu mwenye hoja nyingine naye aandike, nitaisoma.