Je, Ni Haki Kuchora Chakula?

Wahenga walisema, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Methali hii tumeifundisha miaka mingi, na wanafunzi wameiandika katika insha zao mpaka imepoteza makali. Mimi iliniuma upya katika soko la Koboko. Naomba kuwasimulia walimu wenzangu jinsi ilivyokuwa, kisha tulipime pamoja swali lililozaliwa siku ile.

Mbali na ualimu, nina mazoea ya kuchora kwa rangi za mafuta. Sichori wanyama wa mbugani wala machweo ya jua. Huchora mboga za kila siku zilizowekwa juu ya meza: biringanya, bamia, kitunguu, au fungu la majani ya kunde ambayo Walugbara huyaita osubi. Siku hiyo nilikuwa nimetoka Arua kwenda Koboko kwa shughuli za mitihani, nikanunua mabiringanya matatu kwa mama mmoja aliyekimbia vita vya Kongo. Aliponiuliza kama nitayapika kwa karanga au kwa simsim, nilimwambia kweli: nitayachora. Akanitazama kwa muda. "Mwalimu," akasema, "yasiozee mezani. Watu hawajala."

Yalioza. Rangi ya mafuta haina haraka. Haikauki kama nguo iliyoanikwa. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo hunyonya oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu polepole, na tabaka moja jembamba huweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kupokea jingine. Nilikuwa nimechagua ubao mkubwa. Kufikia siku ya sita mabiringanya yalikuwa yamenywea na kulainika, nikayatupa. Wiki ile ile mwanafunzi wangu mmoja alisinzia darasani, na nilipomwuliza alikiri kwamba tangu jana yake hakutia kitu kinywani.

Swali basi ni hili: je, ni haki mtu kukitumia chakula kwa kukitazama tu, hali jirani yake ana njaa?

Wapo watakaojibu upesi kwamba si haki. Watatukumbusha kwamba West Nile imeyajua mateso ya uhamisho: baada ya vita vya mwaka 1979 watu wetu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia Sudani na Zaire ya wakati huo, na leo ni zamu yetu kuwapokea wakimbizi, hata huko Koboko katika makazi ya Lobule. Watataja pia habari ya Manet, mchoraji Mfaransa, ambaye mwaka 1880 aliuza picha ya fungu la mboga iitwayo asparaga kwa faranga 800. Mnunuzi akapeleka faranga 1000. Ndipo Manet akachora bua moja tu la asparaga katika picha ndogo, akampelekea kama nyongeza, eti lilipungua katika fungu lile. Huo, watasema, ni mzaha wa walioshiba.

Hoja hii ina uzito, wala sitaki kuikwepa. Picha haijazi tumbo. Lakini tukiikubali yote, itatubidi pia kuufunga ushairi na kuzinyamazisha ngoma mpaka siku ambayo hakuna mwenye njaa duniani. Mwenye njaa mwenyewe hasubiri siku hiyo, huimba akipalilia. Basi kosa langu halikuwa kuchora. Lilikuwa wapi?

Aliyenionyesha ni yule mama. Picha ilipokauka niliipeleka Koboko, nikitarajia sifa. Aliikagua kwa makini, kisha akauliza, "Tundu liko wapi?" Biringanya moja lilikuwa na tundu la funza karibu na kikonyo, nami nililiacha ili picha ipendeze. "Basi hili si langu," akasema. "Langu nililimwagilia kwa ndoo, na funza akanishinda kwa hilo moja. Hata bei nilikupunguzia."

Hapo nilifahamu kwamba nilimnyang'anya mara mbili. Kwanza nilikipoteza chakula chake. Pili niliifuta taabu yake. Siku sita nilikaa mbele ya jasho la mtu bila ya kuliona. Mkulima anatudai fedha, nasi humlipa sokoni. Lakini anatudai pia kwamba kazi yake ionekane kama ilivyo, na deni hilo aghalabu hufa bila ya kulipwa. Mchoraji wa mboga aweza kulilipa, iwapo tu hasemi uongo na hakizuii chakula kufika kinywani.

Tangu hapo nimejiwekea sheria mbili. Ubao wangu hauzidi ukubwa wa daftari la mwanafunzi, nami huanza alfajiri na kumaliza kwa kikao kimoja, rangi mbichi juu ya rangi mbichi, ili ifikapo saa sita mboga ziingie chunguni. Njaa ndiyo iliyonipimia ukubwa wa picha zangu. Na sheria ya pili: tundu silifuti.

Sisi walimu wa lugha jambo hili latuhusu. Tukitoa insha ya "Soko Letu", huletewa nyanya nyekundu kama damu kutoka kwa mtoto ambaye jana tu aliuza nyanya za kijani zilizopasuka. Hatukumfundisha uongo huo kwa makusudi, ila tuliupa alama nzuri. Tumrudishe sokoni, atuletee kikonyo, tundu na kunywea.

Jibu langu, basi, ni kwamba kuchora chakula ni haki kwa masharti hayo mawili. Lakini sidai kwamba picha zangu zimemnufaisha yule mwanafunzi aliyesinzia. Kilichomnufaisha ni sahani ya mchana, na hiyo ni kazi nyingine inayotungoja sote. Mwenye jibu lililo bora kuliko hili na alilete, tulipime.